MKOJO, MBU NA MATENDE: KUTAFUTA KIPIMO KISICHOTOBOA NGOZI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu wanafunzi na wazazi wetu wapenzi, makala hii imetokana na swali. Tulikuwa katika somo la tahara, tumefika katika mlango wa najisi, mwanafunzi mmoja akainua mkono: "Maalim, mkojo ni najisi, ukidondokea nguo lazima ioshwe. Basi mbona hospitali wanatupa kichupa kisafi wakatuambia tuwaletee?" Darasa zima likacheka. Lakini swali lilikuwa zuri, na jibu lake ni refu kuliko nilivyoweza kulitoa siku ile kabla ya adhana. Leo nalitoa kwa ukamilifu, na nitapitia maradhi ambayo sisi watu wa pwani tunayajua vizuri: matende.

NAJISI INAWEZA KUBEBA ELIMU

Hukumu ya najisi inahusu ibada na usafi wetu. Haina maana kwamba kitu kilicho najisi hakifai kuchunguzwa. Matabibu wa zamani waliandika kwa lugha ya Kiarabu mambo mengi juu ya mkojo. Ishaq bin Sulaiman al-Israili, tabibu wa Kiyahudi aliyefanya kazi Qayrawan, Tunisia, katika karne ya 10, aliandika kitabu kizima juu ya jambo hilo. Naye Ibn Sina (980–1037), katika kitabu chake Al-Qanun fi al-Tibb, aliweka masharti ya kuuchukua mkojo wa kuchunguzwa: uwe wa asubuhi, uwekwe katika chombo kisafi, na mgonjwa asiwe amekula kitu cha kubadilisha rangi yake, kama zafarani. Masharti haya yana hekima. Kabla hujauamini ushahidi, hakikisha haukuchafuliwa.

Kwa nini mkojo uwe na ushahidi? Sababu ni figo. Kila figo moja ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja. Kwa siku moja figo zetu mbili huchuja maji ya damu kiasi cha lita 180, yaani kama madebe tisa. Karibu yote hurudishwa mwilini, na kinachotoka kuwa mkojo ni lita moja au mbili tu. Vitu vikubwa, kama chembe za damu na protini kubwa, huzuiwa visitoke. Lakini chujio halizuii kila kitu. Vitu vidogo hupita, na hata vile vikubwa huponyoka kwa uchache sana. Kwa hiyo yanayotokea katika damu huacha athari katika mkojo. Athari hizo wanasayansi huziita viashiria.

MATENDE NA BUSHA

Matende huletwa na minyoo myembamba kama uzi. Mnyoo jike hufikia urefu wa sentimita 8 hadi 10. Minyoo hii hukaa katika mirija ya limfu, ile mirija inayorudisha maji ya mwili katika damu, na huishi humo miaka 6 hadi 8. Mirija ikiharibika, maji hayapiti sawasawa. Mguu huvimba na ngozi yake huwa ngumu. Hayo ndiyo matende. Kwa wanaume wengi maji hujaa katika korodani, na hilo ndilo busha.

Anayeyasambaza ni mbu. Majike ya minyoo huzaa vitoto vingi mno, visivyoonekana kwa macho, ambavyo huogelea katika damu. Mbu akimuuma mtu mwenye vitoto hivyo huvifyonza. Hukua ndani ya mbu kwa wiki mbili hivi, kisha mbu huyo akimuuma mtu mwingine huingia kwake kupitia ngozi. Mara nyingi minyoo huanza kumwingia mtu angali mtoto, na uvimbe hutokea akiwa mtu mzima. Ndiyo maana watu wengi hawaunganishi mambo haya mawili.

Katika pwani yetu wako wanaosema kwamba busha huletwa na kunywa madafu mengi, na wengine husema ni kurogwa. Madafu hayana kosa. Mwenye maradhi haya hakujiletea, wala hakuletewa na jirani yake. Kumcheka ni dhulma. Tukumbuke kwamba katika Surat al-Baqara, aya ya 26, Allah (S.W.) ametaja kwamba haoni haya kupiga mfano wa mbu. Kiumbe tunachokiua kwa kofi kinaweza kumlaza kitandani mtu mwenye nguvu.

HISTORIA ILIYOANZIA KATIKA MKOJO

Ndugu msomaji, vitoto hivi vya minyoo vilijulikana katika mkojo kabla ya kujulikana katika damu. Mwaka 1866, huko Bahia, Brazil, daktari Otto Wucherer alikuwa akichunguza mkojo wa wagonjwa akitafuta mayai ya kichocho. Mkojo wao ulikuwa mweupe kama maziwa. Hili hutokea kwa baadhi ya wenye minyoo ya matende, pale mirija ya limfu inapopasuka na limfu kuvujia katika njia ya mkojo. Hakuyaona mayai ya kichocho. Aliona vijinyoo vidogo vikijipinda chini ya hadubini.

Miaka michache baadaye Timothy Lewis, aliyekuwa Calcutta, India, aliviona naye katika mkojo mweupe, na mwaka 1872 akatangaza kwamba ameviona katika damu. Mwaka 1877 Patrick Manson, akiwa Amoy, China, alionyesha kwamba vijinyoo hivyo hukua ndani ya mbu. Manson alidhani kwamba mtu hupata minyoo kwa kunywa maji ambayo mbu amefia humo. Hapo alikosea, na mwaka 1900 George Carmichael Low alionyesha kwamba minyoo hutokea katika mdomo wa mbu anapouma. Elimu huenda hatua kwa hatua, na mwanachuoni wa kweli haoni haya kusahihishwa.

DAMU YA USIKU WA MANANE

Manson aligundua jambo jingine la ajabu. Vitoto vya minyoo havionekani katika damu ya pembeni ya mwili wakati wote. Mchana hujificha katika mishipa ya mapafu. Usiku hutoka, na huwa vingi zaidi kati ya saa nne na saa nane za usiku, wakati ambao mbu wao anauma.

Matokeo yake ni kwamba kwa miaka mingi kupima matende kulikuwa na tabu kubwa. Wapimaji walilazimika kufika kijijini usiku wenye taa na vioo vya hadubini, wakagonga mlango baada ya mlango, watoto wakaamshwa usingizini na kutobolewa vidole. Wazazi waliogopa. Wengine walijiuliza damu ya usiku inachukuliwa kwa kazi gani. Waliokataa hawakuhesabiwa, na ugonjwa usiohesabiwa haupangiwi dawa.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilipatikana kadi ya kupimia damu wakati wowote wa mchana, kwa sababu yenyewe haivitafuti vile vitoto. Inatafuta protini inayotolewa na minyoo mikubwa. Kipande cha kupimia kilichokuja baada yake kinahitaji mikrolita 75 tu za damu, yaani matone machache ya kidole. Hii ilikuwa rehema kubwa. Lakini sindano ilibaki, na kilio cha mtoto kilibaki. Hapo baadhi ya watafiti wakaurudia mkojo.

CHAMBO NA SAMAKI

Minyoo inapoingia mwilini, mwili hutengeneza askari wa kupambana nayo, wanaoitwa kingamwili. Katika matende aina moja ya kingamwili, iitwayo IgG4, huzidi sana. Chache kati yake huponyoka chujio la figo na kutoka na mkojo. Swali lilikuwa: je, uchache huo unaweza kuonekana?

Mwaka 2001 watafiti wa Japani na Sri Lanka walichapisha jibu lao. Kipimo chao hufanya kazi kama mvuvi na chambo. Huchukuliwa kibao cha plastiki chenye vishimo 96. Chini ya kila kishimo hugandishwa protini za minyoo; hiki ndicho chambo. Walitumia protini za mnyoo wa jamaa moja na wa matende, unaoweza kufugwa maabara ndani ya wanyama. Kisha hutiwa mkojo. Kama ndani yake mna kingamwili za matende, hukishika chambo na kukiganda. Kishimo huoshwa, na visivyoganda huenda na maji. Halafu hutiwa kitu kingine kinachozishika zile kingamwili, na mwisho dawa ya kutoa rangi. Rangi ikikolea, samaki amenaswa. Rangi isipotokea, ndoana ni tupu.

Katika utafiti wao, kipimo hiki kiliwatambua zaidi ya watu 90 katika kila 100 waliokuwa na vitoto vya minyoo katika damu yao. Mkojo ulichukuliwa mchana, na hakuna aliyetobolewa. Sri Lanka ilipomaliza kugawa dawa, watafiti waliendelea kukitumia kuwapima wanafunzi wa skuli ili kuona kama maambukizi yanarudi. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani liliitambua Sri Lanka kuwa imeyaondoa matende kama tatizo la afya ya jamii.

KIPIMO HAKISEMI KILA KITU

Wanafunzi wapenzi, msikimbilie kusema kwamba basi damu haina kazi tena. Mizani isiyojulikana kasoro yake humdhulumu mnunuzi, na kipimo ni hivyo hivyo.

Kwanza, mkojo hubadilika. Mtoto aliyekunywa maji mengi mkojo wake huwa mwepesi, na viashiria humo huwa vichache zaidi. Aliyefunga au aliyecheza juani mkojo wake huwa mzito.

Pili, kingamwili hubaki mwilini hata baada ya minyoo kufa. Kwa mzee wa miaka 60 kipimo kinaweza kusema kwamba adui alipita, bila kusema kama bado yupo. Lakini kwa mtoto wa miaka 6 aliyezaliwa baada ya dawa kugawiwa, kingamwili ni habari nzito: mbu wenye minyoo wamekuwako katika maisha yake mafupi.

Tatu, iko hesabu ambayo kila mwanafunzi wa darasa la saba anaweza kuifanya. Tuseme skuli ina watoto 1,000, na 10 kati yao wana minyoo. Tuseme pia kipimo kinawatambua wagonjwa 95 katika 100, na kinawasafisha wazima 99 katika 100. Katika wale 10, kitawapata 9 au 10. Katika wazima 990, kitakosea mmoja katika kila 100, yaani watoto kama 10. Watakaoambiwa wana dalili watakuwa karibu 20, na nusu yao ni wazima! Hivyo, ugonjwa unapokuwa haba, jibu la kipimo kimoja linahitaji shahidi wa pili. Mtoto aliyeonekana na alama katika mkojo apimwe damu. Faida ni kwamba watakaotobolewa ni 20, badala ya 1,000.

YALIYOTOKEA ZANZIBAR

Pengine utauliza, kwa nini tupime wakati dawa zinatolewa bure? Jibu liko karibu nasi. Mwaka 2001 Unguja na Pemba zilianza kuwagawia watu wote dawa za matende, awamu moja kila mwaka. Dawa hizi huviua vitoto vilivyomo katika damu, lakini minyoo mikubwa haifi yote. Ndiyo maana hurudiwa mwaka baada ya mwaka, hadi minyoo mikubwa izeeke na kufa. Watu walijitokeza kwa wingi, na ugawaji ukasimamishwa mwaka 2006 kwa matumaini kwamba maambukizi yamekatika.

Mwaka 2012 watoto walipimwa tena. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba maambukizi hayakuwa yamekatika. Minyoo ilikuwa imebaki kwa wachache, na mbu wakaifanya kazi yao kimyakimya. Kama asingepimwa mtu, tungengoja miaka 20 hadi miguu ya watoto wale ivimbe ndipo tujue. Mguu ukishakuwa mgumu, dawa haiurudishi kama ulivyokuwa.

Kwa hiyo nchi inayoyafukuza matende haina budi kuwapima watoto mara kwa mara, hasa wa miaka 6 na 7, ambao wengi wao wako darasa la kwanza na la pili. Kipimo kinachotumika katika kampeni hizo ni cha tone la damu. Cha mkojo kinahitaji maabara na mtaalamu, na hakitoi jibu papo hapo. Watafiti wanaotafuta kipimo chepesi cha mkojo wanatafuta njia ya kumfanya mzazi aseme "ndiyo" bila wasiwasi, na mtoto asikimbie anapoliona gari la afya.

Matende si peke yake. Mwaka 2015 Nigeria ilizindua kipimo cha mkojo cha malaria, ingawa hupungukiwa nguvu vijidudu vikiwa vichache. Virusi vya Zika, vilivyogunduliwa mwaka 1947 katika msitu wa Zika, Uganda, katika mripuko wa 2015–2016 vilionekana kubaki katika mkojo wa baadhi ya wagonjwa hata baada ya kutoweka katika damu.

TAHARA NA KIPIMO

Yako mambo ya dini ambayo mwanafunzi anayepeleka mkojo hospitali ayajue.

Kuuchukua mkojo kwa ajili ya kipimo kunaruhusiwa, kwani ni katika kutafuta tiba, na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Allah hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa. Chukua mahali pa faragha, sitiri uchi wako, kaza kifuniko, futa chupa kwa nje, kisha stanji na unawe mikono kwa sabuni.

Wakati wa swala ukikukuta njiani, usiswali na kichupa mfukoni. Kwa madhehebu yetu ya Imam Shafi (R.A.), mwenye kuswali amebeba chupa yenye najisi, hata ikiwa imefungwa, swala yake haisihi. Kiweke pembeni, nje ya mahali pa kuswalia, uswali, kisha ukichukue.

Na kama umefunga na ukatakiwa utobolewe kidole, usiogope. Damu ya kipimo haibatilishi saumu. Kwa Imam Shafi hata kuumika hakubatilishi.

WAJIBU WETU

Usijipime mwenyewe kwa kutazama rangi ya mkojo chooni. Mkojo wa manjano iliyokolea mara nyingi ni kiu tu, na mwenye matende anaweza kuwa na mkojo safi kabisa. Kitu kinachotafutwa maabara hakionekani kwa macho. Lakini ukiona mkojo mweupe kama maziwa, au wenye damu, mwambie mzazi wako akupeleke kwa daktari.

Dawa za kingatiba zikija skuli, kula chakula kwanza, kisha meza kama ulivyoelekezwa. Usizifiche chini ya ulimi ukazitupe nyuma ya darasa. Wewe unaweza kuwa huna minyoo, lakini mwenzako anayo, na mbu hachagui.

Mtume (S.A.W.) amekataza kukojoa katika maji yaliyotuama. Mbu wa kuleksi, msambazaji mkubwa wa matende mijini, anapenda kutaga mayai katika maji machafu ya vyoo vya shimo na makaro. Makunduchi, Unguja, katika miaka ya 1980 watafiti walimwaga vyooni punje nyepesi za plastiki zilizoelea na kuyafunika maji, sambamba na kuwapa watu dawa, na mbu wakapungua sana. Sisi tuanze na kulifunika karo letu na kulala ndani ya chandarua.

Na mwenye mguu uliovimba asikate tamaa. Auoshe kila siku kwa maji na sabuni, baina ya vidole pia, aukaushe vizuri na auinue anapopumzika. Hivyo homa na maumivu hupungua. Mwenye busha aende hospitali, kwani hutibika kwa upasuaji. Nasi tumsaidie kubeba ndoo ya maji ya udhu badala ya kumtazama mguu.

Huyo mwanafunzi aliyeuliza swali nimempa jibu: mkojo ni najisi katika nguo yako, na ni shahidi katika chupa ya tabibu. Namwomba Allah (S.W.) awape shifaa wagonjwa wetu, na atujaalie watoto wetu wawe miongoni mwa watakaovigundua vipimo vilivyo bora zaidi. Amin.

MASWALI YA KUJIPIMA
1. Kwa nini damu ya kutafuta vitoto vya minyoo ya matende ilichukuliwa usiku?
2. Kingamwili katika mkojo wa mtoto wa miaka 6 zina maana gani ambayo haipo kwa mzee?
3. Rudia hesabu ya skuli ya watoto 1,000, lakini wenye minyoo wawe 100. Wangapi kati ya walioonekana na dalili watakuwa wazima?
4. Nini hukumu ya kuswali ukiwa na kichupa cha mkojo mfukoni?

Wabillahi tawfiq.